MIZANI YA MOTO ISISHIKWE NA MUUZA PLASTIKI

Ndugu wananchi, wiki hii twataka kusema nanyi habari ya ukuta. Wako watakaocheka na kusema gazeti la Chama limeishiwa na maneno, maana limeacha siasa likaenda kuzungumza mabamba ya plastiki. Hao na wacheke. Sisi twasema hakuna siasa iliyo kubwa kuliko hii: nani apimaye, nani aonyeshwaye kipimo, na nani afaye kipimo kikiwa cha uongo.

Wazee wetu walilijua jambo hili mapema. Mkulima wa pamba wa Usukuma, siku za ukoloni, alilima kwa jembe lake, akavuna kwa mikono yake, akabeba mzigo kichwani mpaka kwa mnunuzi. Pale akakuta mizani. Mizani ni ya mnunuzi, msomaji wa mizani ni mtu wa mnunuzi, na mkulima akalipwa kwa uzito alioambiwa, si kwa uzito aliouleta. Wakulima wale hawakukaa wakalia. Waliweka watu wao wenyewe wasimame penye mizani na kusoma kwa macho yao. Katika harakati hizo vyama vya ushirika vikapata nguvu, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation chini ya uongozi wa Paul Bomani. Fundisho lao ni moja: mwenye mizani ndiye mtawala.

Leo iko mizani nyingine, nayo ni mizani ya moto. Majengo ya siku hizi hayajengwi kwa mawe na zege tu. Yanavikwa mabamba yang'aayo ambayo ndani yake mna plastiki. Kuta zake hutiwa povu gumu la plastiki la kuzuia joto na baridi. Na plastiki hutengenezwa kwa mafuta ya petroli na gesi, nayo haisahau asili yake. Kilo moja ya polithini, ile ile ya mifuko na madumu, ikiungua hutoa joto karibu sawa na kilo moja ya mafuta ya taa, na zaidi ya mara mbili ya joto la kilo moja ya kuni. Basi kabla kitu hiki hakijapigiliwa katika ukuta wanamolala watu, ni lazima kipimwe: moto ukiwaka hapa, utatambaa ufike wapi, na kwa dakika ngapi?

Swali ni jepesi. Lakini jibu lake limefichwa miaka mingi na watu wenye elimu kubwa, na tukio la London ndilo lililofunua.

WATU 72

Tarehe 14 Juni 2017, kabla kidogo ya saa saba ya usiku, friji ilishika moto katika jiko la ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell Tower, mtaa wa North Kensington. Jengo lile la ghorofa 24 lilijengwa kwa zege katika miaka ya 1970, na zege haliungui. Moto wa friji ni moto wa kuzimwa na askari wachache wa zimamoto. Lakini usiku ule moto ulitoka kwa dirishani ukashika nguo mpya ambayo jengo lilikuwa limevikwa, na kwa muda usiofika nusu saa ulikuwa umepanda ukuta mpaka kileleni. Walikufa watu 72, na kati yao watoto walikuwa 18.

Ni watu gani hao? Ni wapangaji wa nyumba za halmashauri, watu wa kazi, na wengi wao asili yao ni Moroko, Eritrea, Ethiopia, Sudan na nchi nyingine za Afrika na Asia. Halmashauri yao ni miongoni mwa zile tajiri kabisa za Uingereza. Na wakazi hawakunyamaza. Mwezi wa Novemba 2016 kikundi chao kiliandika wazi kwamba hapatasikika neno lao mpaka utokee msiba mkubwa wa vifo. Msiba ukatokea kabla mwaka haujaisha.

Sasa itazameni nguo ile. Bamba moja lilikuwa na unene wa milimita 4: karatasi mbili za alumini, kila moja nusu milimita, na katikati milimita 3 za polithini. Pigeni hesabu. Kila mita mraba ilibeba karibu kilo 3 za plastiki, ni kana kwamba kila mita mraba ya ukuta imetundikiwa zaidi ya lita 3 za mafuta ya taa. Mpango wa kwanza ulikuwa kutumia bamba la zinki. Likaachwa, likachukuliwa hili la plastiki, kwa sababu liliokoa karibu pauni 300,000.

Mtu atauliza, je, bamba hilo halikupimwa? Lilipimwa! Lilikuwa na cheti. Na hapo ndipo penye uovu wenyewe.

WALIPIMA NGOZI

Kwa miaka mingi kanuni za Uingereza zilikuwa na daraja lililoitwa Daraja Sifuri. Kulipata, bidhaa ilipita vipimo viwili vidogo. Katika kimoja, kipande cha sentimita 22 na nusu kila upande huwekwa katika kisanduku cha moto na kupimwa joto kinalotoa. Katika cha pili, kipande kirefu kisichofika mita moja husimamishwa karibu na bamba la joto kali, na watu hutazama kwa dakika 10 ndimi za moto zitatambaa milimita ngapi usoni mwake. Zisipopita milimita 165, bidhaa huandikwa kuwa ya daraja la juu.

Mwananchi, hebu fikiri. Uso wa bamba lile ni alumini. Ukiuchoma uso kwa dakika 10, unaichoma alumini. Plastiki iliyo ndani imekaa kimya kama mwizi nyuma ya mlango. Lakini bamba likiwa ukutani halikai kama kipande cha maabara. Limekatwa, limekunjwa pembe, limetundikwa, na nyuma yake umeachwa uwazi ambao moto ukiingia huvutwa juu kama katika dohani. Polithini huyeyuka kwa joto lililozidi kidogo tu lile la maji yachemkayo chunguni, hutiririka ikiwaka, na kila tone huenda kuwasha mahali pengine. Walipima ngozi, wakauza moyo.

Hatusemi kipimo kidogo hakifai kabisa. Mwalimu hutoa jaribio la dakika kumi asubuhi ili ajue nani amesoma. Lakini hakuna mwalimu mwenye akili atakayempa mtoto cheti cha kumaliza masomo kwa jaribio la asubuhi. Mtihani wa ukuta ni ukuta: ujenge mzima, wenye mita 8 kwenda juu, uwe na mabamba yake, povu lake, misumari yake na uwazi wake, uwashe chungu ya kuni chini yake, kisha usimame utazame. Kipimo hicho kipo. Waingereza wenyewe wanacho. Mabwana wenye viwanda hawakukipenda, maana kuni hazijui kusema uongo.

Wala hila hii si ya jana. Mwaka 1973 Serikali ya Marekani, kwa idara yake ya kulinda biashara ya haki, iliwashtaki wenye viwanda vya plastiki na chama chao. Kosa? Waliuza povu la plastiki la majengo wakiliita lisiloungua, na lijizimalo lenyewe. Maneno hayo yalitokana na kipimo cha vipande vidogo juu ya meza. Juu ya meza kipande hujizima. Katika chumba, joto likiwa limejaa dari na kuta, povu lile lile huwaka kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1974 wakakubali kuacha maneno hayo na kutoa dola milioni 5 za utafiti. Mwaka ule ule wa 1973, mwezi wa Agosti, nyumba ya starehe ya Summerland katika Kisiwa cha Man, iliyofunikwa kwa plastiki ya uwazi mfano wa kioo, iliungua ikaua watu 50. Ilikuwa imefunguliwa miaka miwili tu nyuma, kwa kusamehewa sheria ya ujenzi iliyotaka kuta zizuie moto.

Basi mtu asituambie kwamba mwaka 2017 walikuwa hawajui.

SERIKALI ILIJUA, IKAKALIA

Mwaka 1999 jengo la Garnock Court, mjini Irvine huko Scotland, liliungua kwa nje na mtu mmoja akafa. Bunge likauliza. Serikali ikaamuru majaribio, na mwaka 2001 ukuta wa mabamba ya alumini yenye polithini ukajengwa na kuwashwa. Kwa dakika tano tu ndimi za moto zilikuwa zimepita juu ya ukuta wote. Jaribio likabidi lisimamishwe. Na bamba hilo ndilo lile lililokuwa likipata Daraja Sifuri!

Mngedhani kengele ilipigwa siku ile ile. Haikupigwa. Matokeo hayakutangazwa, na Daraja Sifuri likaachwa katika kanuni. Miaka 16 ikapita, mabamba yakiendelea kupigiliwa katika majengo. Walipokuja kuhesabu baada ya msiba, walikuta majengo marefu zaidi ya 400 yamevikwa nguo ya namna hiyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa waliuona ufa, wakaupaka rangi.

MWANAFUNZI ALIYEJISAHIHISHIA

Tume ya uchunguzi chini ya jaji mstaafu Martin Moore-Bick ilitoa ripoti yake ya mwisho tarehe 4 Septemba 2024. Imeandika bila kuficha kwamba vifo vyote vile vingeweza kuepukwa, na kwamba makampuni yaliyouza vitu vile yalifanya udanganyifu wa makusudi. Tazameni mambo matatu.

Kampuni ya Arconic, iliyouza mabamba, ilikuwa na aina mbili za kuyafunga ukutani. Aina moja, ya kukunja bamba mfano wa sinia, ilianguka vibaya sana ilipopimwa Ufaransa. Tume imesema kwamba toka mwaka 2005 mpaka baada ya moto wa Grenfell kampuni iliwaficha wanunuzi hatari ya aina hiyo. Na aina hiyo ndiyo iliyotundikwa Grenfell. Huyu ni mwanafunzi aliyefanya mitihani miwili, akaonyesha karatasi aliyofaulu, akachana ile aliyoanguka.

Kampuni ya Celotex, iliyouza povu, ilianguka katika jaribio la ukuta mzima mwanzoni mwa mwaka 2014. Ikarudia mwezi wa Mei. Safari hii ndani ya ukuta zilitiwa mbao za madini zisizoungua, mahali hasa penye vipima joto, na ripoti ya jaribio haikuzitaja. Ukuta ukafaulu, povu likauzwa. Huyu ameingia na majibu ndani ya mkono wa shati.

Kampuni ya Kingspan, ambayo povu lake pia kiasi kidogo lilikutwa katika jengo lile, ilifaulu jaribio moja mwaka 2005. Kisha ikabadili namna ya kulitengeneza. Majaribio ya mwaka 2007 na 2008 yakawa maangamizi. Lakini povu jipya likaendelea kuuzwa kwa cheti cha povu la zamani, na ripoti ile ya 2005 haikuondolewa mpaka Oktoba 2020. Huyu ni mdogo mtu aliyeombea kazi kwa cheti cha kaka yake.

Na msimamizi wa mtihani alikuwa wapi? Alikuwa pale pale. Kituo cha utafiti wa majengo, kiitwacho BRE, kilianzishwa na Serikali mwaka 1921 kuwatumikia raia. Mwaka 1997 kikauzwa. Toka hapo kikawa kinaishi kwa ada za wale wale waletao bidhaa kupimwa. Tume imesema kwamba hila ya Celotex ilifanyika kwa ushirika wa kituo hicho. Ndugu zetu, kesi ya nyani akipewa ngedere aihukumu, hukumu yake yajulikana kabla ya baraza kukaa.

Siku ripoti ilipotoka, miaka 7 baada ya moto, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyefikishwa mahakamani kwa ajili ya vifo vile. Na kipimo cha kweli, kile cha ukuta mzima, kilifanywa hadharani baada ya maziko: mwaka 2017 Serikali ilijenga ukuta kama ule, wenye mabamba yale na povu lile. Jaribio likasimamishwa kabla ya dakika 9 kwisha. Dakika 9 ambazo zingeweza kuokoa watu 72, kama zingetangazwa mapema.

WATUAMBIAO TUNAZUIA MAENDELEO

Twajua watakalosema mawakala na wapambe wao. Watasema nchi zetu ni changa, zataka majengo mengi kwa haraka, na vitu hivi ni rahisi. Sisi hatupingi majengo, wala hatuabudu udongo na makuti. Twauliza tu: rahisi kwa nani? Zile pauni 300,000 ziliingia katika hesabu za halmashauri, na gharama ikaingia makaburini. Kitu ambacho faida yake ni ya mmoja na hasara yake ni ya mwingine si rahisi, ni dhuluma.

Watasema tena kwamba bidhaa hizi zina vyeti vya Ulaya. Hili ndilo neno la kikoloni kuliko yote! Tumefundishwa kwa muda mrefu kwamba karatasi ikiwa na muhuri wa Ulaya basi haiulizwi. Grenfell ilikuwa na karatasi hizo zote. Wala Uingereza yenyewe haiziamini tena: toka Desemba 2018 England imepiga marufuku vitu viunguavyo katika kuta za nje za majengo ya makazi yaliyozidi mita 18. Je, kilichokataliwa mlangoni pao kitakwenda wapi? Mfanyabiashara hatupi mali yake baharini. Huitafutia soko mahali ambapo hapana mtu asomaye mizani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na watasema upimaji ni ghali. Uongo. Kipimo kikubwa cha ukuta hakitaki chombo cha kwenda mwezini. Chataka ukuta wa mita 8, kuni, saa, vipima joto, na watu waaminifu. Kuni tunazo. Watu waaminifu pia tunao, tukiwalipa mshahara wa kuwatosha na kuwalinda wasitishwe.

SISI TUKO WAPI?

Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wamezoea njia ya Dubai. Wanalijua jengo la The Torch, lililoungua kwa nje mwaka 2015, likaungua tena mwaka 2017. Mabamba ya alumini na plastiki yamo katika nyuso za maduka, mabenki, mahoteli na vituo vya mafuta katika miji yetu, toka Dar es Salaam mpaka Nairobi. Hatusemi kila bamba ni la polithini, maana ziko aina ambazo ndani yake mna madini mengi na haziungui kwa urahisi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Na hiyo ndiyo hoja yetu: kisichotofautishwa kwa macho hutofautishwa kwa kipimo, na kipimo chataka mwenyewe.

Tanzania iliunda Shirika la Viwango mwaka 1975, na Kenya mwaka mmoja kabla. Mataifa yetu hayakuunda mashirika hayo ili yagonge mihuri juu ya mihuri ya wengine. Kwa hiyo Chama chetu kidai, bila kuchoka, mambo haya manne.

Kwanza, hakuna bamba wala povu litakalowekwa katika ukuta wa nje wa jengo refu kwa nguvu ya kipimo cha kipande. Ama lisiwe la kuungua kabisa, ama ukuta mzima upimwe, kama utakavyojengwa.

Pili, matokeo yote yatangazwe, ya kufaulu na ya kuanguka, kwa jina la bidhaa na tarehe. Kuficha kuanguka kuwe ni kosa la jinai, siyo siri ya biashara.

Tatu, mpimaji asichaguliwe wala asilipwe na apimwaye. Ada ikusanywe na Serikali kwa kila anayeingiza au kutengeneza bidhaa hizi, na kipande cha kupimwa kinunuliwe na mkaguzi dukani, siyo kiletwe na mwenye kiwanda katika kitambaa cha hariri. Ikiwa nchi moja haiwezi peke yake, nchi za Afrika Mashariki zijenge uwanja mmoja wa majaribio na kuugawana.

Nne, kila shule, bweni, hospitali na nyumba ya kupanga yenye ghorofa iwe na daftari lionyeshalo ukuta wake umejengwa kwa nini, na mpangaji awe na haki ya kulisoma.

Haya hayatakuja kwa kuandikwa gazetini. Kila tawi, katika mkutano wake ujao, limwite mbunge na diwani wake limuulize maswali matatu: mabamba yaliyo katika majengo ya umma ya wilaya hii yana nini ndani? Nani aliyapima? Iko wapi karatasi ya majaribio yaliyoanguka? Akijibu, majibu yaandikwe na katibu wa tawi. Asipojibu, na hilo liandikwe pia, na gazeti hili litalichapa.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wakulima wa pamba walisimama penye mizani wakaisoma wenyewe. Na sisi twende tukasimame penye ukuta.